Kula Kiapo si Kula Ugali

Ndugu msomaji, kila lugha ina maneno machache yanayofanya kazi kama punda wa Ugogo. Asubuhi hubeba maji, mchana hubeba kuni, na jioni hubeba uwele kwenda kusagwa, wala hakuna anayeyapa pongezi. Maneno hayo si yale marefu ya wasomi. Ni mafupi, ya jikoni na ya shambani, na mtoto huyajua kabla hajaota meno yote. Katika Kiswahili tunayo kupiga, kutia, kushika na kula. Waingereza nao wana yao. Wahariri wa kamusi yao kubwa ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi "run", ambacho sisi mara nyingi hukifasiri kuwa kukimbia, walikihesabia maana 645. Hilo ni neno moja tu, tena lenye herufi tatu.

Leo nakusudia kuzungumza nawe juu ya mwenzake, kitenzi "take". Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba maana yake ni kuchukua. Si uongo. Lakini mwanafunzi anayeondoka darasani na maana hiyo moja tu ni sawa na mtu aliyepewa ufunguo mmoja akaambiwa afungue milango yote ya nyumba.

Nimelichagua neno hili kwa sababu limewahi kuleta machozi mtaani kwetu hapa Dodoma. Binti mmoja, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Chamwino, alikuwa akiishi kwa shangazi yake, jirani yetu, ili asome kidato cha kwanza. Nyumbani kwao hunena Kigogo. Kiswahili alikipatia shuleni, na Kiingereza kwake kilikuwa lugha ya tatu. Siku moja darasa lao lilipewa sentensi za kufasiri, na mojawapo ilisema: "Mbunge alikula kiapo." Binti yule alikuwa na kamusi ndogo. Akaitazama, akaandika kwa Kiingereza kwamba mbunge alikitafuna kiapo. Mwalimu aliisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya wote, kisha akauliza kama kiapo hicho kililiwa kwa mlenda au kwa maziwa. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo binti hakunyosha tena mkono, na kabla ya muhula kwisha alimwambia shangazi yake kwamba afadhali arudi kijijini akachunge mbuzi.

Shangazi yake alimleta kwangu, kwa kuwa nimefundisha lugha kwa miaka mingi.

"Shikamoo, babu," alisema, huku akitazama sakafu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nieleze, hicho kiapo kina ladha gani?"

Alitabasamu kidogo, nasi tukaanza kazi. Haya niliyomweleza yeye ndiyo ninayotaka kukueleza wewe, msomaji, kwa maana huenda nyumbani mwako yumo mtoto kama huyo.

Kwanza nilimwonyesha kwamba hakukosa akili. Tarehe 5 Novemba, 2020, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais John Magufuli alikula kiapo cha kipindi chake cha pili. Watangazaji wa Kiswahili walisema "amekula kiapo", na hapakuwa na msikilizaji aliyecheka. Watangazaji wa Kiingereza, kwa tendo lile lile, wangetumia "take". Kwetu kiapo huliwa, na kwao hutwaliwa. Wala chetu hakikuzuka hivi hivi. Katika Kiswahili cha zamani, kiapo si maneno ya kuapa peke yake. Ni pia lile jaribio alilopewa mtuhumiwa, mara nyingi kwa kula au kunywa kitu, ili ukweli wake upimwe. Huko Kenya, katika miaka ya 1950, watu walioingia katika harakati za Mau Mau walilishwa viapo, na nyama ya mbuzi ilikuwa sehemu ya sherehe hiyo. Basi mtu aliyekula kiapo amekiingiza ndani ya mwili wake. Akikivunja, anavunja kitu kilichomo tumboni mwake.

Kisha tulichukua karatasi tukaigawa pande mbili. Upande mmoja tuliandika kazi za kula, na upande wa pili kazi za "take". Nakuhakikishia kwamba hata mimi, mzee wa chaki, nilistaajabu jinsi maneno haya mawili yanavyokutana. Kwetu mtu hula rushwa, na Mwingereza huitwaa. Mfanyabiashara wa zabibu ambaye mzigo wake umeozea njiani hula hasara, na mwenzake wa London huitwaa hasara hiyo. Katika mchezo wa drafti chini ya mti, mchezaji wetu hula kete ya mpinzani wake, na Waingereza husema kwamba kete imetwaliwa. Maneno haya hayakuambukizana. Yamekutana kwa sababu kula ni kutwaa kitu kikawa chako kabisa, kisiweze tena kurudishwa.

Baada ya hapo njia zao zinaachana. Sisi husema kwamba kutu imekula bati, gari linakula mafuta, mzee fulani amekula chumvi nyingi, na waovu fulani wamekula njama. Kwa "kula njama" na "kula chumvi nyingi", neno "take" halina msaada wowote. Nalo lina safari zake lisizozifuata letu. Mwingereza hulitumia hilo hilo kwa kupiga picha, kuoga, kupanda basi, kupumzika, kufanya mtihani na kumeza dawa. Likifuatwa na kijineno kidogo, hugeuka tena: ndege imeruka, mtu amevua koti, mtoto amefanana na bibi yake. Yote hayo ni "take". Binti yule alinionyesha sentensi katika kitabu chake iliyohusu mtoto aliyefanana na bibi, naye alikuwa ameifasiri kwamba mtoto "anachukua baada ya bibi yake". Nilimwuliza anachukua nini, urithi au mbuzi? Safari hii alicheka mwenyewe, na kicheko cha mtu aliyeelewa si sawa na kicheko cha kuchekwa.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Mgonjwa hurudi nyumbani na dawa yenye maelezo ya Kiingereza, na mjukuu aliye sekondari ndiye anayeombwa kuyasoma. Akimwambia bibi "chukua kidonge kimoja mara tatu kwa siku", bibi anaweza kukichukua kweli, akakifunga katika upindo wa khanga. Kinachotakiwa ni kumeza.

Jambo lililompa binti yule nguvu kuliko yote lilikuwa historia. Nilimweleza kwamba neno "take" si la Waingereza kwa asili. Wahenga wao walikuwa na neno lao la kutwaa, "niman", ambalo ndugu yake yungali hai katika Kijerumani. Kuanzia karne ya 9, watu wa Skandinavia walihamia na kukaa katika sehemu za Uingereza, na miongoni mwa maneno waliyokuja nayo lilikuwamo "taka". Polepole neno la wageni lilimshinda mwenyeji. La zamani limebaki na alama chache, kama vile "numb", neno lao la kusema kiungo kimekufa ganzi, yaani kiungo kilichotwaliwa hisia zake. Basi Waingereza wenyewe waliliazima neno hili wakalitumia mpaka likawa lao. Mtoto wa Kigogo anayejifunza kulitumia leo anaingia katika foleni ndefu, na hao wenyewe walipanga foleni hiyo.

Letu la kula, kwa upande wake, lina mizizi mirefu katika ardhi yetu. Wagogo husema kulya, na ndugu zao wengi wa lugha za Kibantu wana neno la ukoo huo huo. Kutoka hapo tumepata chakula, mlo, ulaji na kulisha. Hata mkono wa kulia umepata jina lake kwa kuwa ndio mkono wa kulia chakula. Lakini angalia tena neno hilo. Kulia ni kutoa machozi, na kulia ni kulia chakula mahali au kwa kitu fulani. Methali isemayo "Mchumia juani hulia kivulini" huifurahia maana hiyo ya pili, ingawa mgeni wa lugha anaweza kudhani kwamba mchumaji anakwenda kivulini kutokwa na machozi.

Katika nchi hii ya kati, maneno hayo mawili yamewahi kukaa karibu mno. Mvua zetu huanza kwa kawaida Desemba na kwisha Aprili, tena huwa haba. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalitwaa ng'ombe, yakatwaa nafaka, yakatwaa wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wazee wa Ugogo waliiita Mtunya, na iliua watu wengi sana. Mtu anayeijua habari hiyo hawezi kulichukulia neno kula kama mzaha. Ndiyo maana, nadhani, masikio yetu hushtuka tusikiapo kwamba mtu amekula mali ya yatima au amekula jasho la wenzake. Kiingereza kingesema "take" na kupita. Kiswahili hutukumbusha kwamba kilicholiwa na mmoja kimetoka katika sahani ya mwingine.

Wazazi wenzangu, elimu ya msingi katika shule zetu za umma hutolewa kwa Kiswahili tangu 1967, na sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Daraja kati ya viwili hivyo ni jembamba, na watoto wengi hulivuka peke yao. Tunaweza kuwasaidia bila ya kuwa wataalamu. Mtoto asijifunze kitenzi kikiwa pweke, bali akijifunze pamoja na mwenzake. Asiandike daftarini "take – kuchukua" akafunga kitabu, bali aandike kiapo na kitenzi chake, dawa na kitenzi chake, picha na kitenzi chake, katika lugha zote mbili. Na kama nyumbani mna lugha ya tatu, aandike na hiyo pia. Jozi tatu kila siku zinatosha.

Tena tuangalie upande wa pili. Siku hizi nasikia watu wakisema kwamba mkutano "utachukua nafasi" Jumamosi. Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mkutano hufanyika. Anayemcheka mtoto kwa kula kiapo katika Kiingereza, naye angesikiliza kwanza yale anayoyasema mwenyewe katika Kiswahili.

Binti yule hakurudi kuchunga mbuzi. Sitakwambia kwamba amekuwa wa kwanza darasani, kwani hajawa. Lakini daftari lake la jozi limekwisha jaa, ameanza la pili, na shangazi yake aliniambia kwamba sasa huuliza maswali. Siku moja aliniuliza mimi swali ambalo kamusi zangu hazikunisaidia kulijibu: kwa nini Kiswahili husema mtu amekula kiapo, lakini hakisemi kamwe kwamba ameshiba? Nimelileta kwako, msomaji. Litafakari utakapoketi mezani na watoto wako, na umsikilize kwanza yule asiyependa kunyosha mkono.