Oktoba Uani Goma

Wasafiri wengi huja Goma kwa ajili ya volkano ya Nyiragongo, au masokwe wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Mimi nausifia mji huu kwa nyua zake.

Ua wa Himbi, mtaa ulio kando ya Ziwa Kivu, hauna makuu: mparachichi, migomba, kamba ya nguo na ukuta wa mawe meusi. Mawe hayo ni zawadi ya volkano. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Watu wakarudi, wakayapasua, wakajengea. Jua likiwaka yanapata joto, nzi wanajaa, na mwezi wa Oktoba, Ulaya ikianza baridi nasi tukiwa na mvua, ndege wageni wanaohamia huku kutoka huko hawakosi chakula.

Tazama kamba ya nguo. Ndege mdogo wa kijivu, kifua chenye michirizi, amekaa wima kimya. Nzi akipita anamrukia, mdomo unalia ta!, kisha anarudi palepale alipotoka. Chini, kwenye mboga, mwingine mwenye tumbo la manjano anatembea akitikisa mkia. Ndugu yake mweusi kwa mweupe, mwenyeji wa mwaka mzima, hakubali kumwachia maji ya kuoshea vyombo. Juu kabisa wanapita keremkerem. Sauti zao hutangulia kusikika.

Halafu mbayuwayu. Kwa karne nyingi Wazungu walidhani hulala matopeni wakati wa baridi. Mmoja aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na ubishi ukaisha. Ndege wa gramu 20 hivi anavuka Mediterania na Sahara kila mwaka, kwenda na kurudi.

Mapigano ya Januari 2025 yaliufunga uwanja wa ndege wa Goma. Wageni hawa wenye mabawa hawakuuhitaji. Sisi wa miguu tunavukia mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda.

Ukipata nafasi, na hali ya usalama ikiruhusu, njoo kati ya Oktoba na Machi, uombe kiti uani kwa mwenyeji wako, asubuhi na mapema. Darubini usiitoe barabarani: katika mji wenye askari wengi itakuletea maswali. Uani macho yanatosha.