Mguu wa Mama Mkubwa

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango aliniuliza, kalamu mkononi, iwapo katika ukoo wetu yupo aliyepata kuganda damu mishipani. Nikamjibu upesi mno: "Hapana, dada, hakuna." Nilipewa vidonge vya miezi mitatu, nikaondoka nimeridhika.

Sikusema uongo. Kwetu maneno hayo hayakupata kutamkwa. Mama mkubwa, aliyevimba mguu mmoja ukawa mzito na wa moto, ilisemekana amekanyaga kitu njiani. Marehemu mama, aliyeshikwa na kichomi na pumzi zikamkatika ghafla siku ya kumi na mbili baada ya kumzaa mdogo wetu, ilisemekana amepatwa na jicho. Waganga wakalipwa, jirani mmoja akanuniwa miaka na miaka. Bado yu hai, nami sijapata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi.

Nilikuwa nimekwisha kumeza vidonge siku tisa mama mkubwa alipokuja kututembelea. Nilipomletea kigoda auegeshe mguu wake, ambao haukupona sawasawa hata leo, swali la muuguzi likanirudia. Nikamwuliza ulianzaje.

"Nilikuwa na mimba ya kaka yako," akasema. "Daktari alisema damu imeganda. Bibi yenu hakukubali."

Usiku ule sikumeza kidonge. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa kliniki.

Daktari alinieleza kwa utulivu. Damu hubeba vitu vya kuigandisha mtu anapojikata, na hubeba pia protini za kuizuia isigande ovyo. Upungufu wa protini hizo huweza kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Donge likifanyika mguuni, huweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari hiyo: katika wanawake 10,000 wasiovitumia, wapatao 2 hupata donge kwa mwaka, wanaovitumia huwa kati ya 5 na 12, kutegemea aina. Kwa wengi hiyo ni hatari ndogo, tena mimba yenyewe huizidi. Kwa mwenye urithi hesabu ni nyingine, na Shirika la Afya Duniani linashauri anayejulikana kuwa nao asipewe kabisa vidonge vya aina hiyo.

Kipimo cha protini hizo hakikuwapo pale. Daktari hakukingoja, habari za dada wawili wa tumbo moja zilimtosha. Akanitajia vidonge visivyo na estrojeni, vijiti vya mkononi, na kitanzi cha shaba kisicho na homoni yoyote. Nilichagua kitanzi. Mume wangu alisitasita, maana kazini walimwambia kitanzi hupotea mwilini. Nikamjibu kwamba aliyekuwa karibu kupotea ni mimi. Miezi ya mwanzo hedhi ilikuwa nzito, sitaficha, kisha ikapungua.

Mdogo wetu, yule wa siku kumi na mbili, anaolewa mwezi ujao. Nimemwandikia karatasi ya kumpa muuguzi: "Mama alifariki ghafla baada ya kujifungua, pumzi zilimkatika. Mama mkubwa aliganda damu mguuni akiwa mjamzito." Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya pochi yake.