Mtoto wa kadi 214

Samahanini kwa kimya cha wiki kadhaa, nilikuwa Turkana kikazi, na joto la Lodwar si mchezo! Leo nina kisa kuhusu kuunganisha majedwali ya hifadhidata kwa masharti zaidi ya moja. Ninatumia Laravel, lakini kosa hili unaweza kulifanya kwenye fremuweki yoyote.

Kazi ilikuwa hivi. Kuna zahanati moja Lodwar na nyingine Kakuma, kama kilomita 120 kwa barabara. Zote zilitaka orodha moja: watoto waliopita miezi 18 na hawajapata dozi ya pili ya surua. Hapa Kenya dozi ya kwanza hutolewa kwa miezi 9, ya pili kwa miezi 18. Katikati hapo familia huhama na mifugo, au safari ya kwenda kliniki inakuwa ndefu mno. Na surua ikiingia penye watu wengi, kama kambi ya Kakuma, huenea kama moto wa nyika.

Nikaunganisha jedwali la watoto na la chanjo kwa LEFT JOIN. Masharti ya surua na dozi ya 2 nikayaweka chini kwenye WHERE, pamoja na sharti la kutafuta wasio na rekodi. Ripoti ikatoka tupu. Nikafurahi! "Sista, hongereni, hakuna hata mmoja aliyekosa." Muuguzi akacheka. "Kijana, watatu nawajua mimi mwenyewe, wanakaa hapa nyuma ya soko."

Kumbe LEFT JOIN humbakiza kila mtoto, na asiye na chanjo humwekea NULL, yaani tupu. WHERE huja baadaye. Ukiuuliza mstari mtupu "dozi yako ni 2?", haujibu ndiyo, kwa hiyo unatupwa. Nilikuwa nawafuta wale wale niliokuwa nawatafuta!

Nikahamishia masharti yale ndani ya JOIN. Majina yakatoka, wahudumu wa afya wa jamii wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nikajiona fundi.

Wiki iliyofuata mama mmoja akafika zahanati ya Kakuma na kitabu cha kliniki. Mtoto wake ana kadi namba 214, miezi 22, dozi ya pili hana. Kwenye orodha yangu hayumo. Kuchunguza... kila zahanati ilianza kuhesabu kadi zake kutoka 1! Kadi 214 ya Lodwar ni ya mtoto mwingine, aliyekwisha kuchanjwa, nami niliunganisha kwa namba ya kadi peke yake. Dozi ya Lodwar ikahesabiwa ya mtoto wa Kakuma.

Utasema, si utumie jina na tarehe ya kuzaliwa? Kwa Waturkana akina Ekiru na Akiru wamejaa, ni majina ya waliozaliwa wakati wa mvua. Na kambini wengi waliofika bila hati wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari. Kwa hiyo ni kituo NA kadi, zote mbili (sharti la umri nimeliacha ili msimbo uwe mfupi):

DB::table('watoto')
  ->leftJoin('chanjo', function ($j) {
    $j->on('chanjo.kituo', '=', 'watoto.kituo')
      ->on('chanjo.kadi', '=', 'watoto.kadi')
      ->where('chanjo.aina', '=', 'surua')
      ->where('chanjo.dozi', '=', 2);
  })
  ->whereNull('chanjo.kadi')
  ->select('watoto.*')
  ->get();

Angalia: on hulinganisha safu na safu. where iliyo ndani ya fankisheni hulinganisha safu na thamani, lakini bado ni sehemu ya JOIN. whereNull iko nje, na ibaki nje.

Nilipoongeza kituo, mtoto wa 214 akatokea, na wenzake kadhaa.

Kosa la kwanza lilijitangaza lenyewe, maana orodha tupu kila mtu huishangaa. La pili ndilo lililoninyima usingizi: orodha nzuri, majina yamejaa, ila kuna watoto hawamo. Siku hizi kabla sijatoa ripoti namchukua mtu mmoja halisi ambaye jibu lake nalijua, kisha namtafuta kwenye orodha.

Mtoto alichanjwa siku ile ile. Aliyemfikisha ni mama yake, si programu yangu.

Haya, tuonane wakati mwingine. Kazi njema!