Mchagua Jembe Naye Ni Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shuleni methali hii ilitumiwa kumkemea mwanafunzi aliyelalamikia kalamu badala ya kuandika. Mimi, kwa heshima zote, naikubali nusu na kuipinga nusu. Anayelima kwa jembe la kuazima hana la kuchagua. Lakini anayenunua jembe kwa fedha za mkopo lazima achague, tena achague akiwa ametulia.

Jembe langu ni kompyuta. Ninasoma Kiswahili hapa Kampala, na sehemu ya karo yangu hutokana na kazi ya kusikiliza rekodi za mahojiano ya Kiswahili na kuziandika neno kwa neno. Wanaonipa kazi ni watafiti walio mbali, ambao sijawahi kukutana nao ana kwa ana. Hunitumia sauti kwa intaneti, nami huwarudishia maandishi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza niliifanya kazi hii kwenye kompyuta za kukodi kwa saa, na karibu nusu ya malipo ilibaki pale pale kwa mwenye duka. Ndipo mama yangu alipokopa shilingi 900,000 katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, zirudishwe kwa miezi sita. Dhamana aliyoweka ni cherehani yake. Kwa hiyo, swali la kompyuta ipi inunuliwe halikuwa swali la ufundi peke yake. Kama ningenunua mashine ya kufa baada ya mwezi, nyumba ingepoteza vyombo viwili vya kazi kwa mpigo.

Mama ni fundi nguo Kiyembe. Anapotaka kununua cherehani iliyotumika, hamwulizi muuzaji ni nzuri au mbaya, kwa kuwa jibu analijua. Huenda na vipande vyake viwili, kimoja cha jinzi na kingine cha kitambaa chepesi, akavishona pale pale huku akisikiliza mlio wa mashine. Aliponikabidhi fedha aliniambia, "Mwanangu, nenda na kitambaa chako." Nikaenda na flashi yenye rekodi ya saa moja iliyojaa kelele za soko, pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuchapa.

Dukani nilionyeshwa kwanza kompyuta mpya, nyembamba, inayong'aa. Ilikuwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Mashine ya namna hiyo ni kama kuingia safarini na nauli kamili bila shilingi ya maji. Nilipocheza rekodi huku nimefungua hati na kivinjari, mashine ilianza kusitasita.

Zilizotumika zilikuwa nyingi na bei zake zilivutia, ila rahisi nyingine ina sababu. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake rasmi haizipokei prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha Intel. Mashine isiyopata tena masasisho ya usalama haiharibiki siku hiyo, lakini milango yake hubaki bila mlinzi. Mimi hupokea sauti za watu wanaosimulia magonjwa yao, ndoa zao na madeni yao. Siwezi kuziweka katika nyumba isiyo na kufuli. Ipo njia ya kuweka Linux kwenye mashine kuukuu, na wapo wanafunzi wenzangu wanaoifurahia. Mteja wangu mmoja, hata hivyo, hutaka nitumie programu ya Windows tu, hivyo njia hiyo haikunifaa.

Nilichonunua ni ThinkPad T480 yenye prosesa ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Aina hii ina betri mbili: moja ndani, nyingine nje. Ile ya nje huweza kutolewa na kubadilishwa bila kuzima mashine. Kwa mtu ambaye umeme humkatikia katikati ya sentensi, hilo ni jambo kubwa kuliko wembamba. Kabla ya kulipa niliandika amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa taarifa ya uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo uliobaki sasa. Betri ya nje ilikuwa imechoka kuliko alivyodai muuzaji, na tarakimu zile zilinisaidia kupatana bei kuliko maneno yangu yote.

Kisha nikachapa ukurasa wangu. Kibodi ilikuwa ya Kijerumani, na kwenye kibodi hiyo Y na Z zimebadilishana mahali. "Zaidi ya" ikawa "yaidi za". Alama ya king'ong'o nayo hupatikana kwa kubonyeza vitufe viwili, na kwetu alama hiyo ni sehemu ya sauti: bila yake ng'ombe si ng'ombe. Lakini mpangilio wa herufi hubadilishwa ndani ya programu kwa dakika moja. Kwa kuwa nachapa bila kuangalia vidole, maandishi ya juu ya vitufe hayanisumbui. Leo kitufe kilichoandikwa Ä ndicho kinachonipa king'ong'o. Kwa ajili ya kibodi hiyo na mikwaruzo ya kifuniko, bei ilishuka hadi 780,000.

Shilingi 120,000 zilizobaki zilitaka akili zaidi. Rafiki yangu alinishauri ninunue skrini ya pili. Mimi nilinunua vipokea sauti vya waya kwa 45,000, kwa sababu kazi yangu huanzia sikioni. Neno moja nisilolisikia huniketisha dakika tano. Fedha iliyosalia niliitenga kwa bando la intaneti, na hapo pana hesabu. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila megabaiti ina uzito. Rekodi ya saa moja katika muundo wa WAV wa kiwango cha CD ni takriban MB 635. Rekodi hiyo hiyo katika MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 30, na mazungumzo bado husikika vizuri. Niliwaandikia wateja wangu kuomba MP3 pale ambapo utafiti wao hauhitaji zaidi. Wote walikubali. Barua pepe moja iliniokolea fedha kuliko punguzo lolote la dukani.

Upande wa programu nilijiwekea kanuni moja: kazi iendelee hata mtandao usipokuwepo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na aliyeweka kila kitu mtandaoni alikosa hata kuzifungua hati zake. Basi nasikilizia VLC, ambayo hupunguza kasi ya sauti kwa kitufe kimoja, na naandikia LibreOffice. Zote mbili ni za bure, na zinakaa ndani ya mashine. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Si kamilifu, maana kitenzi chetu hubeba viambishi vingi na hakuna orodha inayoweza kuvimaliza. Lakini lugha ya hati ikiachwa kuwa Kiingereza, ukurasa mzima huwa mwekundu, na kosa la kweli hujificha humo kama nyoka kwenye majani.

Yako pia mambo yasiyouzwa dukani. Tunaishi wanne katika vyumba viwili, na hakuna kifaa kinachonyamazisha wadogo zangu. Tulikaa tukaelewana: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa moja asubuhi meza ni yangu, jioni ni yao kwa kazi za shule. Makubaliano hayo yana faida kwa kazi yangu kuliko GB nyingine 8.

Rekodi ya saa moja iliyokuwa ikinichukua saa saba kwenye kompyuta za kukodi sasa hunichukua saa tano. Miezi minne ya mkopo imelipwa, miwili imebaki, na cherehani ya mama bado iko Kiyembe ikishona.

Nikirudi kwa wahenga, naona walimlenga yule ambaye kuchagua kwake hakuishi: kila wiki anatafuta programu mpya, kila mwezi anaota mashine nyingine, na shamba linaota magugu. Huyo kweli si mkulima. Lakini kabla ya hapo ipo siku moja ya kusimama dukani na kitambaa chako mkononi, ukajaribu, ukasikiliza, ukapiga hesabu. Siku hiyo nayo ni kazi, na ikipita, kinachobaki ni kulima.