Nyavu Zilizokwisha Kuoshwa

Nilimfundisha mvuvi habari za nyavu. Kosa langu ndilo hilo, na ningelicheka tu kama lisingemuumiza mtu.

Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Kikundi chetu cha kujifunza Biblia, hapa Mwanga, Kigoma, hukutana jioni nyumbani kwa wanakikundi, na mwongozaji nilikuwa mimi. Nikachagua Luka sura ya 5: Simoni na wenzake wamekesha ziwani, wametoka mikono mitupu. Nilidhani ni neno la kuwafaa watu ambao vyombo vyao vimevutwa nchi kavu.

Sikujiandaa. Semina nimehudhuria, nikafundishwa kwamba kabla hujasema kifungu kina maana gani, kitazame kwanza: nani yupo, yuko wapi, ni saa ngapi, nini kimetangulia. Lakini kisa hiki nilikijua tangu Shule ya Jumapili, nitazame nini tena? Nikafika na jibu mfukoni. Simoni alikuwa amekata tamaa, nikasema, na ushahidi ni kwamba Yesu alimkuta ameshuka chomboni anaosha nyavu. Nikaongeza kwamba hata kati yetu wapo wanaoshinda mwaloni wakihangaika na nyavu badala ya kupiga magoti. Hapo nikamtazama mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Kila aliyekuwemo aliona ninamtazama nani.

Mzee akauliza kwa upole: "Mwalimu, kwani nyavu zinaoshwa lini?"

Nikamjibu tusitoke nje ya somo, hapa tunaongea mambo ya rohoni. Akanyamaza. Nikaendelea, nikamalizia na Yesu akiamuru nyavu zitupwe upande wa kulia wa chombo, jambo ambalo Luka hakuliandika kabisa. Hilo ni la Yohana 21, siku nyingine, baada ya ufufuo. Watu wakaitikia amina.

Ziwa lilipofunguliwa nilikwenda mwalo wa Katonga asubuhi kutafuta migebuka. Vijana walikuwa wametoka kupata usiku mzuri, kina mama wanagombania ndoo za dagaa, na pembeni wenzao wawili wanasuuza wavu. Wanaubinya, wanachomoa dagaa walionasa kwenye matundu, wanakwangua magamba kwa kucha, kisha wanautandaza mchangani na kukagua palipochanika. Usiku umelipa, na bado wanaosha! Swali la mzee likanirudia pale pale, na uso ukanipata moto.

Nikarudi nyumbani nikasoma zile aya 11 polepole, kalamu mkononi, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Vyombo ni viwili, Yesu anaingia kimoja, cha Simoni. Anaomba kisogezwe kidogo kutoka nchi kavu, anaketi, anafundisha, na baada ya hapo ndipo anamwagiza Simoni aende kilindini, washushe nyavu. Mtu aliyekesha bure ameombwa chombo chake, na Luka hasemi kwamba alinung'unika. Je, huyo ndiye niliyemwita aliyekata tamaa?

Nikatafuta habari za uvuvi wa Galilaya. Ziwa lile lina urefu wa kilomita 21 hivi, na kina chake hakifiki mita 50. Letu ni kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita 1,470. Na mimi jioni ile nilikuwa nimewahubiria watu wa Kigoma kilindi cha kutisha! Wanaochunguza mambo hayo wanaeleza kwamba nyavu za enzi zile zilikuwa za nyuzi za kitani. Mchana samaki huziona, ndiyo maana wakavua usiku, na zisiposafishwa na kuanikwa huoza. Anayeosha wavu asubuhi, basi, amekwisha kuamua kurudi jioni.

Kumbe uzito wa agizo lile la kushusha nyavu ulikuwa hapo hapo nilipopita mbio. Nyavu zimeoshwa, mwenyewe hajalala, anaambiwa akazitupe tena, maana yake azioshe tena. Yule mzee alilijua hilo kabla sijafungua kinywa. Nilichomzuia kukisema ndicho kilichokuwa somo.

Sikwenda kwake upesi. Nilimwona mara sokoni nikajitia kuchagua nyanya. Nilipokwenda hatimaye nilisema shikamoo, akaitika marahaba, nikaeleza yote, na la upande wa kulia pia. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini ulinisema mbele za watu."

Basi nikayarudia mbele za watu. Dada mmoja alinifuata baadaye akanionya kwamba mwalimu akikiri hivyo watu watamdharau. Pengine yuko sahihi kuhusu baadhi yao. Mzee alikuwepo, safari hii Biblia iko wazi magotini, na tulipofika mwisho wa aya ya 11, wanapoacha vyote na kumfuata Yesu, akainua mkono.

"Vyombo viwili vimejaa karibu kuzama," akasema. "Wenyewe wameondoka. Samaki wale nani aliwauza?"

Nikasoma tena kifungu chote, kwa sauti. Luka hasemi. Nikamjibu sijui, na mama mmoja anayeanika dagaa akasema asubuhi ile asingekubali wakae juani mpaka saa sita, mwenyewe awepo asiwepo, na mjadala ukawa wao.