Mkojo wa Shemasi



Juma hili naomba mnivumilie, kwa maana nitawasimulia habari ya mkojo wa paka.

Wengi wenu mnamfahamu Shemasi, paka dume wa nyumba ya mapadre, mweusi mwenye mstari mweupe unaoshuka kutoka bega la kushoto mfano wa stola. Nilimkuta hapa nilipohamia, naye sasa ana miaka 13, ambayo kwa paka ni uzee. Mwezi uliopita mpishi wetu aliniambia, "Baba, huyu paka anakunywa maji kama ng'ombe, na bado anakonda." Nami nilikuwa nimeona kwamba mchanga wa beseni analojisaidia usiku unaloa kupita kiasi. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamtazama kinywa, kisha akasema, "Padre, niletee mkojo wake."

Nilidhani ananitania. Hapana, akanieleza utaratibu wake. Mchanga uondolewe, kwa kuwa hunyonya kila kitu. Beseni lioshwe na kusuuzwa mpaka sabuni iishe, maana mabaki yake huharibu kipimo. Ndani yake ziwekwe kokoto ndogo safi zisizonyonya maji, paka afungiwe chumbani, na akishamaliza, mkojo uvutwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kutiwa katika kichupa safi. Vijiko viwili vya chai vyatosha. Ufike kwake mapema, na ukichelewa ukae katika jokofu. Aidha alinionya jambo ambalo nalirudia kwa faida ya wafugaji: paka dume anayejikamua mara kwa mara bila kutoa kitu hasubiri kichupa wala kesho. Huenda njia yake imeziba, na anaweza kufa katika siku chache.

Usiku wa kwanza niliharibu. Nilimfungia ofisini, nikamwinua na kumweka juu ya kokoto, akatoka. Nikamrudisha, akatoka tena, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Mwishowe alijificha nyuma ya kabati, na asubuhi nikakuta rundo la magazeti limeloa chapa. Usiku wa pili nilibadili mwenendo. Nilimwekea maji yake, nikaketi mbali na breviari yangu, nikaacha kumtazama. Usingizi ukanichukua kitini. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia kokoto zikichakurwa taratibu. Sikusogea mpaka alipomaliza.

Nilikitia kichupa katika mfuko, nikauandika "Mkojo wa Shemasi", nikauweka katika jokofu, nikaenda kuadhimisha Misa ya asubuhi. Nilisahau kwamba mwaka huu tunaye pia shemasi wa kweli, ambaye baada ya Misa alifungua jokofu kutafuta maziwa. Kicheko cha mezani siku ile sitakisahau, wala yeye hatakisahau.

Majibu hayakuchekesha. Mkojo haukuwa na sukari, bali ulikuwa mwepesi mno: kipimo cha uzito wake kilisoma 1.012, ilhali paka mwenye figo nzima kwa kawaida huvuka 1.035. Damu iliyochukuliwa siku hiyo ikathibitisha kwamba figo zimechoka. Hazitarudi kuwa nzima; ila kwa chakula kinachofaa na maji tele anaweza kukaa nasi vema kwa muda.

Jioni ile nilifungua droo ili nihifadhi karatasi ya daktari. Chini yake nilikuta karatasi nyingine, yenye jina langu. Miezi saba iliyopita daktari wa binadamu alikuwa ameniagiza nikapime sukari, kwa sababu mama yangu aliugua ugonjwa huo na ndio uliomwondoa. Nami niliikunja nikaitia drooni. Nilisema nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Niliketi na karatasi zile mbili mbele yangu, nikaona haya. Kwa ajili ya paka nilikesha usiku mbili. Kila Jumamosi hukaa kitubioni nikiwasubiri ninyi mtoe yaliyofichika, nikiwaambia kwamba jambo lililotajwa lina tiba. Lakini langu mwenyewe nililifungia.

Jumatatu nilikwenda. Mhudumu wa maabara alinitoa damu, kisha akanipa kichupa kama kile cha Shemasi na kunionyesha mlango. Nilisimama mle robo saa nzima bila tone, huku nikisikia wenzangu wakisubiri nje. Hapo ndipo nilipomwelewa yule paka. Sukari yangu imepanda, ila daktari anasema tumeiwahi. Nimeanza dawa, na mpishi amepewa mamlaka juu ya sahani yangu.

Wapendwa, hasa ninyi akina baba: najua zipo droo nyingine zenye karatasi za namna hiyo. Kama huwezi kwenda peke yako, njoo ofisini Jumatatu baada ya Misa ya asubuhi. Tutakwenda pamoja, nami nitakusubiri nje ya mlango bila kukuharakisha.

Shemasi, yule wa miguu minne, anawasalimu. Nawatakieni Dominika njema.