Nusu Kilo ya Mama



Kwetu kuna majina mawili yanayotufundisha jambo hata kabla hatujafungua kompyuta. Masisi ni jina la wilaya, na tena ni jina la mji mdogo ulio makao makuu yake. Walikale ni vivyo hivyo. Mtu aliye Goma akisema ametoka Walikale, tunaelewa wilaya nzima pamoja na misitu yake. Aliye Mubi akisema anakwenda Walikale, tunaelewa ule mji. Jina la karibu hulifunika la mbali. Wilaya haijafutika, ila anayetaka kuitaja akiwa pale hana budi kuitaja kwa ukamilifu: wilaya ya Walikale.

Hatukujua kwamba jambo hilo hilo lingetuaibisha siku moja mbele ya mama mzee.

Tulikuwa kikundi cha vijana wa pande hizo mbili, tukijifunza kuandika programu kwa lugha ya C++ kwenye kompyuta mbili zilizotegemea sola. Ushirika mdogo wa wakulima ulituomba programu ya kuandikisha mazao yanayopokelewa. Wenzetu wa Walikale waliandika klasi ya msingi, wakaiita Zao. Ndani yake waliweka fanksheni, yaani fungu la amri lenye jina lake, wakaiita ongeza. Wao walifikiria mafuta ya mawese, ambayo hupimwa hata kwa nusu lita. Kwa hiyo ongeza yao ilipokea namba za desimali.

Sisi wa Masisi tukaandika klasi ya Maharagwe, inayorithi kutoka Zao. Kwa kuwa wakulima wengi walileta kilo kamili, tuliandika ongeza yetu wenyewe, inayopokea namba kamili na kuchapa risiti fupi. Tulidhani zote mbili zitakaa chini ya paa moja: kilo saba zihesabiwe na ya kwetu, kilo saba na nusu zihesabiwe na ile tuliyorithi.

Ndipo akaja mama mmoja, risiti mkononi.

"Watoto wangu," alisema, "mzani ulisema saba na nusu. Karatasi inasema saba. Nusu yangu imelala wapi?"

"Mama, mashine haikosei," tulimjibu. "Labda hukusikia vizuri."

Aliikunja karatasi yake, akaondoka bila neno.

Wiki mbili baadaye walikuja watatu kwa pamoja. Tayari uvumi ulikuwa umeenea kwamba vijana wanakula maharagwe ya watu. Nasi, badala ya kuichunguza kazi yetu, tukanong'onezana kwamba kosa bila shaka liko katika sehemu iliyoandikwa na wale wa Walikale. Ninyi mnajua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyowaka upesi katika milima yetu.

Mwenzetu mmoja wa Walikale hakukasirika. Aliketi, akaingiza 7.5 moja kwa moja katika Zao: ikaandikwa 7.5. Akaingiza namba ile ile katika Maharagwe: ikaandikwa 7.

"Ya kwetu inafanya kazi," alisema kwa upole. "Ninyi mmeifunika."

Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, inapokutana na jina huanza kulitafuta katika klasi iliyo karibu. Ikilipata hapo, haipandi tena juu kwa mzazi kuuliza kama kuna fanksheni nyingine ya jina hilo inayofaa zaidi. Huchagua tu miongoni mwa zile ilizokwisha kuziona. Katika Maharagwe iliiona moja, ya kwetu, iliyotaka namba kamili. Na kwa kuwa C++ huruhusu desimali igeuzwe kuwa namba kamili, ilikata nusu ya mama na kuendelea na kazi kimya kimya.

Sheria hiyo haikuwekwa kwa uzembe. Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark, alianza kuiunda lugha hii mwaka 1979 katika maabara za Bell huko Marekani. Hoja yake ni kwamba klasi huweza kuwa na wazee wengi, na mzee wa mbali akiongeza kitu kipya, maana ya maneno ya mjukuu isigeuke bila yeye kujua. Lugha ya Java ilichagua njia nyingine: humo ongeza zetu mbili, kwa kuwa zinapokea aina tofauti za namba, zingeishi pamoja.

Katika C++ anayetaka ziishi pamoja lazima atamke hivyo. Tuliandika mstari mmoja ndani ya Maharagwe:

using Zao::ongeza;

Yaani: ongeza ya Zao, kwa jina lake kamili, nayo iwe na nafasi hapa. Tangu hapo saba ikaenda kwa ya kwetu, na saba na nusu ikaenda kwa ile ya urithi.

Tulipitia daftari la mpima mzani, ukurasa kwa ukurasa, hadi ushirika ukalipa kila nusu na kila robo. Wenzetu wa Walikale tuliwaomba radhi. Kisha tukaenda kwa yule mama pamoja, wa pande zote mbili.

"Nusu kilo ningeisamehe," alisema. "Kuambiwa sikusikia vizuri, hilo ndilo lililoniuma."

Hatukuwa na mstari wa kulirekebisha hilo. Tulipiga magoti, tukamwomba msamaha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Ni kitu gani kizuri tulichorithi ambacho bado kipo, lakini tumekifunika kwa cha kwetu chenye jina lile lile?

2. Mdogo anapolalamika, huwa tunaanza kuchunguza kazi ya nani?